Dharana na siasa za mtaa: nifanyeje ili akili ibaki kwenye hoja moja?

Mkazi wa Huruma anauliza:

Hamjambo wanajukwaa. Swali langu ni kwa wanaofanya yoga kwa dhati na kwa waliodumu katika siasa za mtaa, na ningefurahi zaidi kumsikia mtu aliye katika yote mawili.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakazi kinachofuatilia jambo moja, nalo ni zahanati ya wadi yetu, ambayo hutengewa fedha katika makadirio ya bajeti ya kaunti, kisha bajeti ya nyongeza inapopitishwa, fedha hizo huhamishiwa kwingine na jengo likaendelea kuwa kuta zisizo na paa. Kazi yenyewe si ngumu kuielewa. Inahitaji watu watakaosoma nyaraka, watakaohudhuria vikao vya ushirikishwaji wa umma, na watakaomwuliza mwakilishi wadi swali lile lile mwaka baada ya mwaka hadi lijibiwe. Ugumu umo katika kudumu. Tunaketi kusoma makadirio, na kabla hatujafika ukurasa wa afya, mtu anatoa simu na kutuonyesha video ya mwanasiasa akimtusi mwenzake, na muda uliobaki unateketea tukibishana nani ataungana na nani mwaka 2027. Wanakikundi ni watu wenye nia njema kabisa, na wengi wao hutoka kazini wakaja mkutanoni kabla hawajala.

Kwa muda sasa nimekuwa nikihudhuria darasa la yoga huko Ngara, hapa Nairobi, na mwalimu wetu ameanza kutufundisha dharana, yaani kuifunga akili mahali pamoja na kuirudisha kila inapoondoka. Darasani ninaona matunda yake. Nikitoka nje, nikapanda matatu ya kurudi nyumbani na kufungua kikundi cha WhatsApp, sioni tena hata dalili. Je, mazoezi haya yanaweza kuvukishwa hadi katika mkutano wa wakazi, au yameumbiwa chumba kitulivu pekee? Tena, je, ni halali kuyatumia kwa ajili ya siasa, ilhali shabaha yake ya asili ni ukombozi wa nafsi? Na jambo linaloniumiza zaidi ni hili: nchi inapowaka moto, mtu anayesema "mimi nashughulikia zahanati tu" ana tofauti gani na yule aliyeamua kutojali?

Mwalimu wa Parklands anajibu:

Ndugu Mkazi, ahsante kwa swali lililopimwa vizuri. Nimefundisha yoga katika jiji hili kwa miaka mingi na nimeketi katika kamati za wakazi pia, hivyo niruhusu niandike kwa urefu.

Kuhusu uhalali, usiwe na hofu. Bhagavad Gita, ambayo ni miongoni mwa maandiko makuu ya yoga, inasimulia mazungumzo yaliyofanyika katika uwanja wa vita wa Kurukshetra, kati ya shujaa Arjuna aliyetaka kuweka silaha chini na mungu Krishna aliyemkataza kulikimbia jukumu lake. Katika sura ya 3 Krishna anamtaja mfalme Janaka, aliyefikia ukamilifu akiwa katika utendaji, na anamhimiza Arjuna atende kwa ajili ya kuushikilia ulimwengu usisambaratike. Gandhi aliishi na kitabu hicho kila siku. Aya za mwisho za sura ya 2, zinazomweleza mtu mwenye akili iliyotulia, zilisomwa katika sala za jioni za makazi yake. Aurobindo Ghose, mpigania uhuru wa India aliyekamatwa mwaka 1908 katika kesi ya mabomu ya Alipore na kuachiliwa mwaka 1909, alizama katika yoga akiwa gerezani. Ni kweli kwamba baadaye aliiacha siasa ya mapambano na kuhamia Pondicherry mwaka 1910, lakini Gandhi alibaki humo hadi kifo chake, na njia zote mbili zinaheshimiwa.

Sasa tuje kwenye dharana yenyewe. Patanjali, mwandishi wa kale wa Yoga Sutra, ameiweka katika nafasi ya 6 kati ya viungo 8 vya yoga, na mpangilio huo una sababu. Kabla yake kuna pratyahara, yaani kuziondoa hisi katika vitu vinavyozivuta, na mbele yake kuna dhyana, ambapo umakini hutiririka bila kukatika, kama mafuta yanayomiminwa kutoka chombo kimoja hadi kingine. Wengi wetu tunataka dharana huku pratyahara tumeiruka. Mtu anaweka simu mezani ikiwa na sauti, macho yake yakiikodolea kila inapowaka, kisha anashangaa kwamba akili haitulii. Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kikundi chenu si ya kiroho hata kidogo: simu zizimwe na zikusanywe kando hadi ukurasa wa afya umalizike kusomwa. Msilifanye hilo kama adhabu. Lielezeni kama kanuni ya kikao, na mwenyekiti awe wa kwanza kutoa yake.

Hatua ya pili ndiyo muhimu kuliko zote, nayo ni kuchagua mahali pa kuifunga akili. Mfafanuzi wa kale wa Patanjali anayejulikana kwa jina la Vyasa anataja mahali hapo bila kuzungukazunguka: kitovu, ua la moyo, nuru iliyo kichwani, ncha ya pua, ncha ya ulimi, au kitu kilicho nje ya mwili. Tazama jinsi palivyo padogo. Hasemi "jifunge kwenye mema" wala "jifunge kwenye uhai". Katika siasa tunashindwa hapa, kwa sababu tunajifunga kwenye haki, maendeleo au mabadiliko, nayo ni mapana mno kiasi kwamba kila habari inayopita inahusiana nayo, na akili inatangatanga ikijiona bado imo kazini. Hata "zahanati" bado ni pana. Mahali penu pa dharana pawe mstari mmoja katika makadirio, wenye jina la mradi na kiasi cha fedha, na swali moja: je, fedha za mstari huu zimetumika kwa jengo lile kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa? Swali hilo lina jibu, na video ya matusi haina pa kulishika.

Hatua ya tatu ni kurudi. Vyasa anazitaja hali 5 za akili: iliyotawanyika, iliyozubaa, inayotulia mara moja moja na kuondoka tena, iliyoelekea mahali pamoja, na iliyozuiwa kabisa. Wanafunzi wangu wengi wamo katika hali ya 3, na kikundi chako pia, kwa jinsi ulivyokieleza. Hiyo si hali ya kukatisha tamaa, maana ndiyo inayofaa kufanyiwa kazi. Gita, katika sura ya 6, inaagiza kwamba popote akili iendako kwa kutotulia kwake, irejeshwe chini ya utawala wa nafsi. Na Arjuna anapolalamika kwamba kuizuia akili ni kazi ngumu kama kuuzuia upepo, Krishna anakubali kwamba ni ngumu, kisha anamtajia njia mbili, abhyasa na vairagya, ambazo Patanjali naye anazitaja pamoja.

Abhyasa ni mazoezi, na Patanjali anaweka masharti yake: yafanywe kwa muda mrefu, bila kukatizwa, na kwa moyo wa kujitoa. Mkutano mfupi unaofanyika kila juma kwa siku ile ile ni bora kuliko mkutano mkubwa unaoitishwa hasira zinapopanda. Vairagya, kutojifunga na tamaa, ndiyo ngumu zaidi kwa mwanasiasa, na ninaomba uitafakari kuliko yote niliyoyaandika. Atakuja mtu kukuomba ugombee, atakuja mwingine na bahasha ya "nauli" baada ya kikao, na atakuja wa tatu kukusifu hadharani kwa masharti ambayo hutayaona siku hiyo. Akili iliyonolewa kwa dharana lakini isiyo na vairagya inaweza kuwa hatari zaidi kuliko ile iliyotawanyika, kwa kuwa itaifuatilia tamaa yake kwa ufanisi mkubwa. Ndiyo maana kiungo cha kwanza cha yoga ni yama: kutodhuru, ukweli, kutoiba, kujizuia, na kutolimbikiza. Patanjali anasema nadhiri hizo haziwekewi mipaka ya tabaka, mahali, wakati wala mazingira. Sijui mahali palipo na haja ya maneno hayo kuliko katika ugawaji wa fedha za umma.

Karani Mstaafu anajibu:

Mimi sifanyi yoga, ila nilifanya kazi ya ukarani katika mabunge kwa muda mrefu na niliwaona wananchi wengi wakija na hoja nzuri kisha wakapotea. Namshukuru Mwalimu kwa kusema mahali pa kujifunga pawe mstari mmoja. Nami naongeza kalenda, kwa sababu umakini usiojua tarehe hufika wakati mlango umekwisha kufungwa.

Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka huwasilishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, mkakati wa fedha kufikia tarehe 28 Februari, na makadirio kufikia tarehe 30 Aprili, ili bajeti iwe imepitishwa kabla ya tarehe 30 Juni. Wananchi wengi huja mwezi Juni wakipiga kelele, ilhali mradi wao ulikwisha kuachwa nje ya mpango mwezi Septemba. Bajeti ya nyongeza haina tarehe moja, na kwa hiyo mmoja wenu awe na jukumu la kuuliza kila mwezi kama imewasilishwa. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge la kaunti lifanye shughuli zake kwa uwazi na liwashirikishe wananchi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma iliyoombwa habari ijibu ndani ya siku 21. Tena Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuwasilisha ombi rasmi mbele ya bunge hilo. Barua iliyogongwa mhuri wa kupokelewa haisahau hoja hata kama mwandishi wake amechoka.

Kuhusu kung'ang'ania jambo moja, hapa Nairobi tuna mfano mkubwa. Mwaka 1989, Wangari Maathai alipopinga ujenzi wa jumba la ghorofa 60 ndani ya bustani ya Uhuru, wabunge walimkejeli na kumtukana, wakaingiza jinsia yake na ndoa yake iliyovunjika katika mjadala ambao haukuhusu lolote kati ya hayo. Yeye aliendelea kuandika barua, ofisi baada ya ofisi, kuhusu bustani, na hatimaye mradi ukaachwa. Ninaamini kwamba matusi yale yalikusudiwa kumwondoa kwenye hoja, na kwamba kama angeitumia nguvu yake kujibu kila tusi, jumba lingejengwa huku yeye akijitetea.

Binti wa Pumwani anajibu:

Assalaam aleikum. Nasema kwa ufupi. Kwa sisi Waislamu, jambo analolieleza Mwalimu linakaribiana na khushuu, yaani unyenyekevu na utulivu wa moyo, katika swala, nayo imetajwa mwanzoni mwa Suratul Muminun kuwa sifa ya waumini waliofaulu. Wasiwasi unapoingia, hatuvunji swala, bali tunarejea kwenye kisomo tulichokuwa tukikisoma. Ninaandika hivi kwa sababu katika kikundi cha Ndugu Mkazi bila shaka wamo Waislamu na Wakristo ambao watasita wakiambiwa wafanye yoga, na si lazima waambiwe hivyo. Kila mmoja alete utulivu aliofunzwa katika ibada yake, na mkutano uanze kwa dakika chache za kimya ambazo kila mtu atazitumia kwa njia yake. Jambo la msingi ni kwamba watakapofungua macho, karatasi iliyo mbele yao iwe moja.

Mwanabaraza wa Jeevanjee anajibu:

Nimesoma yote kwa heshima, ila nina pingamizi ambalo sitaki lipite bila kujibiwa. Sisi tunaokutana katika bustani ya Jeevanjee kujadili mambo ya nchi tumeambiwa mara nyingi kwamba tushughulikie ya kwetu na tuwaachie wakubwa ya kwao. Lugha ya umakini inaweza kugeuzwa ikawa lugha ya kunyamazisha. Mwezi Juni mwaka 2024, kama kila kijana angebaki na zahanati yake, Mswada wa Fedha ungepita jinsi ulivyoletwa. Tarehe 25 watu waliuawa wakiandamana kuupinga, na siku iliyofuata Rais alitangaza kwamba hatautia saini mswada huo. Je, dharana ina nafasi gani kwa siku kama hizo? Na huyo Patanjali, kama sikosei, anafundisha kutowajali waovu. Katika nchi yetu, kutowajali waovu ndiko kulikotufikisha hapa.

Mwalimu wa Parklands anajibu:

Ndugu Mwanabaraza, pingamizi lako ni la haki na ninalipokea kwa uzito wake, hasa ukikumbuka waliopoteza maisha.

Kwanza, tazama upya jambo lililotokea katika wiki zile. Vijana waliusoma mswada kifungu kwa kifungu, wakaueleza kwa Kiswahili na kwa lugha za nyumbani, wakawauliza wabunge swali moja, "utapiga kura ya ndiyo au ya hapana?" Maelfu ya watu walikuwa wamezifunga akili zao kwenye hati moja na kura moja. Sioni mfano wa karibu zaidi wa umakini wa pamoja katika siasa zetu za miaka hii. Gandhi naye, alipoondoka Sabarmati tarehe 12 Machi 1930 na kutembea takribani kilomita 385 hadi Dandi, alikuwa amechagua kodi ya chumvi kati ya dhuluma nyingi za ukoloni, na wapo wenzake waliodhani kwamba chumvi ni jambo dogo mno. Dharana haiagizi kwamba mahali pa kujifunga pawe mtaani kwako. Inaagiza kwamba pawe pamoja, na kwamba upachague wewe badala ya kuchaguliwa na yule anayetaka utazame kwingine. Siku ikifika ambapo mstari wa zahanati hauna maana bila mswada wa taifa, kikundi kikae, kiamue kuhamia hapo kwa kauli moja, na kikishamaliza kirudi. Kuhama kwa uamuzi ni tofauti na kuvutwa.

Pili, kuhusu waovu. Patanjali anasema akili hutakasika kwa kuwa na urafiki kwa wenye furaha, huruma kwa wanaoteseka, furaha kwa watenda mema, na upeksha kwa watenda maovu. Wapo wanaoisoma upeksha kama kutojali, nami siisomi hivyo. Aya hiyo inahusu utulivu wa akili ya anayefanya mazoezi: chuki kwa mwovu isiwe chakula chake cha kila siku. Haimkatazi kumshtaki, kumhoji, wala kumwondoa kwa kura, na Gandhi aliweza kuandika barua ya heshima kwa Gavana Mkuu Irwin kabla tu ya kwenda kuivunja sheria yake. Lakini ningependa uitazame zaidi sehemu ya tatu, furaha kwa watenda mema, kwa sababu katika siasa zetu ndiyo iliyopotea kabisa. Diwani wa chama usichokipenda akijenga zahanati, je, unaweza kufurahi na kusema hivyo hadharani? Asiyeweza hilo ameifunga akili yake kwenye ushindi wa upande wake, hata kama kinywa chake kinataja afya ya wananchi.

Mkazi wa Huruma anaandika:

Nawashukuru nyote. Nimeyachapisha majibu haya na kuyasoma mbele ya wenzangu. Tumekubaliana juu ya mambo ya simu, kimya cha kuanzia kama alivyopendekeza dada wa Pumwani, na mstari mmoja, ambao tumeuandika kwenye karatasi kubwa ukutani pamoja na kiasi chake cha fedha. Mzozo umebaki mmoja: ni nani atakayekuwa na mamlaka ya kuturudisha tukitoka nje ya hoja? Wengine wanataka awe mwenyekiti, wengine wanaogopa kwamba mwenyekiti atalitumia jukumu hilo kuwazima wanaompinga.

Karani Mstaafu anajibu:

Wanaogopa kwa haki. Msimpe mwenyekiti. Jukumu hilo lizunguke, kila kikao mtu mwingine, na mtu huyo asiwe na ruhusa ya kusema lolote zaidi ya kuonyesha karatasi iliyo ukutani na kuuliza, "Je, hili linahusu mstari wetu?" Jibu likiwa ndiyo, msemaji anaendelea hata kama maneno yake hayampendezi mwenyekiti. Likiwa hapana, hoja yake inaandikwa katika daftari la hoja zilizoahirishwa, na daftari hilo lisomwe lote mwishoni mwa kila mwezi, ili asiwepo atakayedai kwamba amenyamazishwa. Baadhi ya hoja zilizoahirishwa zitaonekana kuwa na uzito kuliko mstari wenyewe, na hapo mtapiga kura ya kuhama, kama alivyosema Mwalimu.

Na leo hii, kabla ya kikao kijacho, andikeni barua ya kuomba nakala ya makadirio na ya bajeti zote za nyongeza za mwaka huu wa fedha. Itieni tarehe, ipelekeni kwa mkono, na mhakikishe nakala mtakayobaki nayo imegongwa mhuri, kwa sababu siku 21 huhesabiwa kuanzia hapo.